Sehemu Iliyoinuka

Kitabu cha historia ya parokia yetu kina kurasa arobaini na nane. Bwana Wandera, mwenyekiti wa kamati ya jubilei, yuko kwenye picha kumi na moja. Kwenye moja anakata keki. Kwenye nyingine anaangalia mbali kama mtu anayengoja kuitwa mbinguni kabla ya wenzake. Mto uliomaliza kanisa letu la kwanza haujapata hata mstari mmoja, na mkono wa mtoto wangu haujapata pia.

Mimi ni Nyakio, lakini hapa Kakuma wananiita Mama Shiko. Nilisoma mpaka darasa la nane, nikaolewa, nikamfuata mume Lodwar. Mume akaendelea na safari zake, mimi nikaja Kakuma kufungua hoteli ya chapati na maharagwe karibu na geti la kanisa. Kwa hivyo sijui kuandika historia. Lakini nilikuwepo nimeshika birika, na mwenye birika husikia yote. Hii ninawaandikia akina mama wenye watoto wa kucheza kanisani, hasa wale wa Lodwar. Sababu ya kutaja Lodwar mtaiona mbele.

Kamati iliundwa mwezi wa tisa mwaka wa 2012, kwa sababu Parokia ya Mtakatifu Perpetua ingetimiza miaka hamsini Pentekoste ya mwaka uliofuata. Walichaguana wenyewe baada ya misa ya pili, wale wanaokaa viti vya mbele: karani huyu, mwenye duka yule, mwalimu, na mke wa mwalimu ili mwalimu asinung'unike. Wote watu wa kuja, sisi ambao Waturkana hutuuliza tunarudi Kenya lini, kana kwamba Kakuma si Kenya. Mturkana hakuwemo hata mmoja. Kutoka kambi ya wakimbizi alichukuliwa mmoja tu, Nyanut, Mdinka, kwa sababu watoto hawachezi bila yeye kupiga ngoma, na kwenye karatasi wakamwandika "msaidizi". Mimi niliandikwa "chakula".

Bwana Wandera alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali. Kalamu tatu mfukoni, na ya kuandika ni moja. Kakuma hapa, ambapo mbuzi hutafuta kivuli cha nguzo ya simu, yeye alifunga tai. Akitaka kusema jana alisema "mnamo siku iliyopita". Watu walimwogopa kwa sababu ya hiyo "mnamo". Mimi pia nilimwogopa, na ninaandika hivi nikijicheka.

Mwezi wa kwanza wa 2013 kamati iliamua kumhoji mtu aliyeliona kanisa likianza. Akaletwa Amuria, bibi Mturkana aliyekuwa akimtekea maji padri wa kwanza. Msidhani ninawaletea bibi wa hekima. Amuria ni bibi wa tumbako na matusi. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameniuzia kuku aliyekufa jana yake, akaapa kwamba amelala.

"Ejok, mama," Bwana Wandera alimwambia, kwa sauti ya kusalimia kiziwi.

"Ejok. Tumbako iko wapi?"

Akapewa. Akaiweka mdomoni, akatuangalia mmoja mmoja, akayaangalia na mandazi yangu.

"Mama, kanisa lilianza mwaka gani?"

"Mwaka ya njaa."

"Njaa ya mwaka gani?"

"Wewe unakula kila mwaka, ndiyo unauliza."

Tulicheka, hata mke wa mwalimu. Bwana Wandera hakucheka. Akapiga kalamu mezani.

Amuria akaonyesha kwa midomo upande wa laga, huo mto wetu mkavu unaopita nyuma ya kanisa, ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. "Kanisa ilikuwa kule chini. Padri tulimwita Lokorio, shingo yake ilikuwa ya twiga. Alijenga kwa mchanga, mabati na miti, akaweka kengele. Tulimwambia hii ni njia ya maji. Akauliza, wingu liko wapi? Tukamwonyesha milima ya upande ya Uganda. Akacheka. Alikuwa na meno mingi. Sasa siku moja jua iko, jua kali kama leo, maji ikakuja. Ikachukua kanisa. Ikachukua viti. Ikachukua suruali ya Lokorio ilikuwa kwa kamba. Ikachukua mtoto ya dada yangu, alikuwa amelala ndani ya kanisa, kwa kivuli."

Aliyasema yote kwa sauti moja, suruali na mtoto. Mwenye duka alikuwa bado anacheka suruali.

"Mama," Bwana Wandera akasema, "hiyo ni hadithi. Sisi tunaandika historia."

"Tofauti ni gani?"

"Historia ina tarehe."

Amuria akatema mate ya tumbako pembeni ya kiatu cha mwenyekiti. "Basi andika maji ilikuja Jumanne."

Bwana Wandera akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasimama, akatusomea: "Mnamo miaka ya sitini, kanisa lilihamishiwa sehemu iliyoinuka kwa sababu za kichungaji." Akavua miwani. Alisema wageni wakubwa watakisoma hiki kitabu, na haifai wasome kwamba padri alijenga mtoni kama mtoto anayechezea mchanga. "Kuna pingamizi?"

Hakukuwa na pingamizi. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimimina chai. Nilikuwa nimeishi Lodwar miaka sita na Kakuma minne, na laga nimeiona ikijaa. Ningeweza kusema, "Bwana mwenyekiti, andika huyo mtoto." Lakini aligeuka akaniambia kwamba Shiko wangu, kwa vile ana kimo kizuri, atacheza mstari wa mbele, na picha yake itawekwa kwenye jalada la kitabu. Nikamwongezea mandazi. Watu huuza midomo yao kwa vitu vikubwa. Mimi niliuza wangu, na mandazi nikatoa mimi.

Shiko alikuwa na miaka kumi na mmoja. Hakuwa mtoto wa kujitokeza. Shuleni alikaa nyuma. Nyanut alimbadilisha. Kila Jumamosi watoto arobaini walikusanyika, wa mji na wa kambi pamoja, na Nyanut akawafundisha jambo moja tu kwa miezi minne. "Usiangalie mwenzako," aliwaambia. "Usiangalie mama. Sikia ngoma. Ngoma ikienda, wewe enda." Shiko alirudi nyumbani akicheza hadi jikoni. Nilimnunulia viatu vyeupe.

Uchaguzi wa mwezi wa tatu ukapita, kaunti ikazaliwa, na wageni wa kutoka Lodwar wakaongezeka, kwa maana kila aliyepata kiti kipya alitaka kuonekana amepiga goti. Kanisa letu halikuweza kuwameza. Mahema tuliyojaribu yaliraruliwa na upepo. Ndipo Bwana Wandera aliposhuka nyuma ya kanisa na kugundua laga, kama vile haikuwepo. Mchanga mweupe, migunga mikubwa pande mbili, kivuli kila mahali. "Uwanja ulioandaliwa na Mungu mwenyewe," alisema.

Kila mtu Kakuma anajua laga hujaa, na Bwana Wandera alijua. Lakini alijua kama sisi watu wa kuja tunavyojua: kwamba mto hujaa mvua ikinyesha, kama mtaro wa nyumbani kwetu. Wingu linakuja, unaliona, unaanua nguo, unatoa watoto. Akasema kwenye mkutano, na iliandikwa: "Suala la mawingu nitalisimamia mwenyewe."

Wakaenda kusafisha. Kwenye matawi ya ile migunga, juu ya kichwa cha mtu mrefu, kulikuwa na nyasi kavu zilizonasa, matambara, na jerikeni ya manjano iliyopasuka. Aliyetaka historia ya mahali pale alihitaji kuinua macho tu. Bwana Wandera aliinua macho.

"Hawa watu," akasema, "wanatupa takataka mpaka juu ya miti?"

Akaagiza zipigwe kwa miti mirefu zishuke, zikachomwa. Mahali pa nyasi zikafungwa riboni za manjano na nyeupe. Wanawake Waturkana waliokuwa wakinywesha mbuzi kwenye visima walivyochimba mchangani, hatua chache tu kutoka pale, walisimama kutazama watu wazima wakiivalisha miti. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi niliishika ile jerikeni kabla haijatupwa motoni. Nikaipima kwa macho na lile tawi ilipotoka, kisha na Shiko wangu. Halafu nikaitupa motoni.

Usingizi ukaniruka. Wiki iliyofuata Amuria alipita hotelini kuomba chai, nikamkalisha nyuma ambapo kamati haiwezi kumwona. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, mtu atajuaje maji yanakuja ikiwa juu hakuna wingu.

"Unataka ikupigie simu?"

"Amuria, nina mtoto pale."

Akanywa chai yote kwanza. "Angalia wanawake ya visima. Wakitoa mbuzi, wewe toa mtoto. Usiangalie juu. Juu hakuna kitu." Akanipa kikombe. "Na sukari ilikuwa kidogo."

Jumamosi ya mwisho ya mazoezi, wiki moja kabla ya jubilei, saa tano asubuhi, nilikuwa nikipindua chapati. Mlango wangu wa nyuma unatazama laga. Jua lilikuwa limesimama, anga kama sufuria iliyosuguliwa. Nikamwona mwanamke mmoja wa visima na simu sikioni. Akaongea kidogo, akaifunga kwenye shanga zake, akawapigia wenzake mluzi. Wakachukua mabakuli ya kunyweshea. Wakawasukuma mbuzi wapande ukingo, hata waliokuwa hawajanywa.

Baadaye nilikuja kujua ni dada yake aliyempigia kutoka upande wa Lopur, huko mto unakotokea, kwamba kule mto umeshapita. Kamati ya jubilei ilikuwa na namba za wakubwa wote wa Lodwar. Ya mtu wa Lopur hawakuwa nayo hata moja.

Niliacha chapati kwenye moto nikakimbia. Bwana Wandera alikuwa amefunga kamba kutoka mti hadi mti ili wazazi wasivuruge mazoezi. Yeye mwenyewe alikuwa chini ya mwavuli, akiigiza mgeni wa heshima. Alitembea polepole katikati ya watoto, akiinamisha kichwa kushoto, kulia, nao wakimrushia vipande vya karatasi badala ya maua.

"Mama Shiko, wazazi nyuma ya kamba."

"Toa watoto. Maji yanakuja."

"Maji gani?"

"Wanawake wametoa mbuzi."

Akaangalia mkutano wake wa watoto, akatabasamu ili wajue hili ni jambo la mama mmoja wa chapati. Akainua mwavuli pembeni kunipisha nione anga. "Wingu liko wapi?"

Maneno yale yale ya Lokorio. Nami, pamoja na kuambiwa nisiangalie juu, nikaangalia juu. Bluu tupu. Nikaona haya. Nilisimama pale nje ya kamba, mikono ina unga, kwa muda wa kusema nusu ya Baba Yetu. Ile nusu nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo.

"Mama, rudi," Shiko akaninong'oneza kutoka mstari wa mbele. "Watu wanacheka."

Nyanut hakuwa akicheka. Aliangalia uso wangu, kisha akageuka akaangalia visima.

"Mama Shiko, mbuzi imeenda wapi?"

"Wamepanda."

Hakumuuliza mwenyekiti. Alibadilisha mpigo wa ngoma, akaanza kupanda ukingo akicheza, mgongo wake kwetu. Watoto arobaini waliofundishwa kutoangalia mama wala mwenzao wakageuka kama kitu kimoja, wakamfuata. Karatasi zilikuwa bado zinaanguka juu ya mwavuli.

"Nyanut," Bwana Wandera aliita, akifuata nyuma na faili kwapani. "Nyanut, huo si mpangilio. Lango liko upande ule. Nani amekuidhinisha?"

Hivyo ndivyo alivyotoka mtoni. Alitoka akimkemea aliyemtoa.

Nilianza kuwahesabu watoto wakipanda. Nikafika thelathini na tisa. Mstari wa mbele walikuwa wameambiwa wavue viatu, kwa sababu mwenyekiti alitaka miguu peku ionekane kiasili mbele ya wageni, na viatu vilipangwa chini ya mgunga. Mwezi wa kwanza Shiko alipoteza ndara moja nikamchapa, nikamwambia mtoto anayeacha vitu vyake nyuma si mtoto wangu. Kwa hivyo alirudi. Nilimwona akiinama, anachukua kimoja, anatafuta cha pili. Nilimwita. Amelelewa kusikia ngoma na kutunza viatu. Kumwangalia mama alikatazwa.

Mlio ulikuja kwanza, kama lori linalomwaga mawe na halimalizi. Maji yenyewe hayakuwa na sura ya maji. Yalikuwa ukuta wa udongo, mbele yake magogo ya miti ya mathenge, povu, na mbuzi mmoja aliyekufa akija miguu juu. Yalichukua viti vya wageni, yakachukua meza ya altare. Yakamchukua Shiko yakamtupa juu ya ule mgunga, kwenye matawi ya riboni, pale pale ilipokuwa ile jerikeni. Mkono wa kushoto ukaingia katikati ya matawi mawili, ukavunjika, na huo mkono uliovunjika ndio uliomshikilia.

Niliingia mpaka kiunoni, wanawake wa visima wakanivuta nywele wakanirudisha. Mmoja alinipiga kofi, ninamshukuru. Wao na waume zao ndio waliofungua ile kamba ya wazazi kutoka ukingoni, ambako ncha moja ilikuwa bado imefungwa. Wakashikana mmoja baada ya mwingine, wakangoja maji yalegee, wakamfikia saa nane. Kwa saa tatu nzima nilimwona mtoto wangu juu ya mti kama nguo iliyoanikwa. Kiatu kimoja alikuwa nacho bado.

Bwana Wandera alituongoza kwa sala. Alikuwa amepoteza mwavuli. Alimshukuru Mungu kwamba mazoezi yalikuwa yamefika sehemu ya kupanda.

Hospitalini daktari hakunificha. Mfupa ulikuwa umevunjika vipande vingi kwenye kiwiko, na alisema toka siku ya kwanza kwamba utapona lakini hautanyooka. Haujanyooka. Shiko anaandika kwa wa kulia, namshukuru Mungu, lakini jerikeni habebi, na hachezi. Ngoma ikilia kanisani anaangalia sakafu. Nyanut alikuja kumwona mara nyingi, akakaa kitandani. Siku moja akasema, "Mimi nilihesabu sauti ya miguu. Nilijua moja haiko. Nikaogopa kusimama, wengine wasisimame." Nikamwambia alifanya vizuri. Kusema hivyo kulinigharimu, lakini ni kweli.

Jubilei ilifanyika uani kwa kanisa, watu wamebanana. Wageni wa Lodwar walichelewa na kuondoka mapema. Kitabu kilitoka kwa mpiga chapa mwezi wa nane, na Bwana Wandera akakigawa mlangoni kwa mkono wake. Nilikisoma chote nikiwa nimesimama. Nyanut hayumo. Wanawake wa visima hawamo. Ukurasa wa thelathini na moja umeandikwa hivi: "Mazoezi ya watoto yalihamishiwa sehemu iliyoinuka." Safari hii hata sababu za kichungaji hakuweka.

Kwenye jalada yuko Shiko, mstari wa mbele, mikono miwili juu, yote imenyooka. Picha ilipigwa mwezi wa nne. Bwana Wandera ahadi yake aliitimiza.

Nilimpelekea Amuria kitabu, nikamsomea.

"Mtoto ya dada yangu iko?"

"Hayuko."

"Ya kwako?"

"Yuko kwa picha. Mikono miwili juu."

Akakishika, akapitisha kidole juu ya mikono. Kisha akauliza kama karatasi za ndani ni laini za kufungia tumbako. Nikamwambia ajaribu. Nilirarua jalada nikabaki nalo, zilizobaki nikamwachia, na ninaamini historia ya Bwana Wandera haijawahi kumsaidia mtu zaidi ya hapo.

Sasa Lodwar. Mwezi wa kumi na moja Bwana Wandera alipandishwa cheo, akahamishiwa huko. Juzi mama mmoja wa kutoka Lodwar alikula hotelini kwangu, akaniambia kwa furaha kwamba parokia yao ndogo karibu na laga inajiandaa na jubilei yake, na wamempata mtu mwenye uzoefu wa kuandika historia. Anafunga tai, akasema. Ameshaona mahali pazuri pa misa ya nje, penye kivuli.

Akina mama, mimi sijawaambia mtoke kanisani. Mimi mwenyewe bado ninaenda, ninakaa nyuma. Ninasema mtembee hapo penye kivuli kabla hajafika na miti yake mirefu, mwangalie matawi. Mtafute namba ya simu ya mtu anayekaa juu ya mto, awe mchunga mbuzi, awe mchoma makaa. Na kabla hamjampa mtoto wa kucheza, mwulizeni kanisa lenu la kwanza lilikuwa wapi. Akijibu kwamba lilihamishiwa sehemu iliyoinuka, mwulizeni lilihamishwa na nani.

Na viatu, waacheni wacheze navyo miguuni.